Shina Lililovua Majani

Tadei alijua kusoma jani la kahawa kabla hajajua kusoma jina lake mwenyewe. Huko milimani alikozaliwa, juu ya Mbinga, ambako watu hulima mahindi kwenye mashimo ya ngoro na kila nyumba ina mibuni yake, baba yake alimpitisha mstari kwa mstari akimwonyesha kwa fimbo: hili limekosa mbolea, hili lina kutu, na mti ule uliopukutika mpaka matawini umekwisha kazi, usiupotezee muda. Mti usio na jani hauna kesho, mzee alisema. Tadei aliyashika maneno hayo kama alivyoshika katekisimu. Bahati mbaya ni kwamba shamba lenyewe lilikwenda kwa kaka yake mkubwa, Adolf, na yeye akaondoka na elimu tu.

Elimu hiyo alishuka nayo mpaka Liparamba, nyumbani kwa kina mke wake. Kahawa huko hakuna. Kuna joto, kuna pori la hifadhi, kuna nguruwe wanaotoka porini kula chochote kilichopandwa, na kwa sababu ya nguruwe hao kuna muhogo mchungu. Wenyeji huupanda makusudi. Nguruwe akiuonja mara moja hatamani kurudi. Mwanamume kuhamia ukweni ni jambo la kuchekwa popote pale, na Tadei alijitahidi achekwe kidogo iwezekanavyo. Alilima kuliko wenyeji. Hakuomba kitu wala hakuuliza kitu. Hasa kuuliza, hilo alilikataa kabisa.

Kwa mama mkwe ndiyo usiseme. Bibi Gaudiosa alikaa hatua hamsini tu kutoka kwake, ng'ambo ya uzio wa mabua, lakini mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai wakatazamana. Hawali pamoja, hawaitani majina, na wakikutana njiani mmoja humwachia mwenzake njia. Neno lolote kati ya nyumba hizo mbili lilibebwa na Hilda, mtoto pekee wa Tadei, mwenye miaka kumi na mmoja na miguu isiyojua kutulia. Hilda, kamwambie baba yako mbuzi wangu yuko kwenye mbaazi zake. Hilda, kamwambie bibi nimekwisha kumtoa. Mtoto alikwenda na kurudi mara kumi kwa siku, na kila neno alilifikisha kama lilivyotoka mdomoni mwa mwenyewe.

Mwaka huo mvua ilikatika Januari, mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Yakaungua yangali yamesimama. Kufikia Juni ghala lilikuwa na panya tu, na hao panya nao walikuwa wamekonda. Flavia, mkewe, akafunga sufuria mbili kwenye kitenge akaenda Ngaka, kwenye machimbo ya makaa ya mawe, kuwapikia madereva wa malori. Asubuhi ya kuondoka alimshika mumewe mkono, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya mbele ya watu.

"Baba Hilda, wawili tumeshawazika," alisema. "Mimi na wewe tukikonda tutanenepa. Huyu sina mwingine."

"Nenda. Chakula kipo ardhini," Tadei akajibu. "Utamkuta mzima."

Na chakula kilikuwepo kweli. Shamba lao la muhogo lilianzia juu mteremkoni, kwenye udongo mkavu wenye vichuguu, likashuka mpaka bondeni palipokuwa na unyevu kidogo. Julai majani yakaanza kulegea saa za mchana, yakining'inia kuelekea chini, kisha jioni yanajiinua. Baadaye yakaacha kujiinua. Yale ya chini yakageuka manjano na kudondoka moja moja na vikonyo vyake vyekundu, halafu ya katikati, mpaka muhogo wa mteremkoni ukabaki na kishungi kidogo kileleni, vijani vyembamba visivyojaza kiganja cha mtoto. Agosti hata vishungi vikaanguka. Zikabaki fimbo zenye vifundo, mstari baada ya mstari. Muhogo wa bondeni ulipungua majani lakini haukuvuliwa nguo.

Tadei akazunguka shambani na mikono nyuma kama alivyokuwa akifanya baba yake. Akasoma. Wa juu unakufa, wa chini unaishi. Basi akapanga: tuchimbe kwanza unaokufa kabla mizizi haijaoza, unaoishi tuuache unenepe mpaka Oktoba, Flavia akirudi akute chakula. Ukiusikiliza mpango wake vizuri hauna kosa hata moja. Ungekuwa wa kahawa, angepewa zawadi siku ya wakulima.

Akachimba. Mizizi ilitoka migumu, myeupe, bila doa, naye akafurahi kwamba ameiwahi. Siku hiyo hiyo, akiwa amekaa uani anamenya, Hilda akapita kwenye uwazi wa uzio akasimama mbele yake, mikono mgongoni, kama anayesoma somo kanisani.

"Bibi anasema hivi. Mwambie baba yako asichimbe wenye shina tupu. Muhogo ukivua majani, uchungu wote hushuka chini. Achimbe wa bondeni wenye majani. Na huo wa juu kama hana budi, auloweke siku tano, mpaka uvunjike wenyewe mkononi."

Tadei aliendelea kumenya. Ndani alikuwa anachemka. Juzi tu bombani alisikia mtu akimwita bwana kahawa, na wenzake wakacheka. Sasa mama mkwe naye anamfundisha kulima, tena kwa kinywa cha mtoto. Akafikiri: anataka nimalize muhogo mzuri sasa, ili Oktoba watu waseme mkwe wa milimani hakuweza kutunza hata shamba la kupewa. Wazo hilo halikuwa na mguu wala kichwa, lakini mtu mwenye aibu huona adui hata kwenye salamu.

Tena kulikuwa na suala la maji. Kijito kilikuwa kimebaki madimbwi matatu, na serikali ya kijiji ilikwisha kupiga marufuku kuloweka muhogo humo. Siku tano za kuloweka nyumbani ni ndoo juu ya ndoo kutoka bombani, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na mbebaji angekuwa nani kama si Hilda? Alimtazama mtoto, akatazama magoti yake yaliyotokeza, akaona huruma. Alidhani anaihurumia miguu yake.

"Kamwambie bibi nimesikia."

Hilda hakuondoka. "Lakini tutafanya hivyo, baba?"

"Nimesema kamwambie nimesikia."

Mtoto akakimbia. Ng'ambo ya uzio Tadei alisikia sauti yake ikisema, "Baba anasema amesikia," na hakukuwa na swali la pili. Mkwe akishasema amesikia, mama mkwe ana nini tena cha kusema? Kuuliza mara mbili ni kumvunjia heshima.

Muhogo wa shina tupu ukalowekwa usiku mmoja kwenye ndoo, ukaanikwa juani siku mbili, ukatwangwa. Ugali wake ulikuwa mweupe kuliko wa siku zote. Waliula na kisamvu kilichochemshwa na chumvi, kwa sababu muuza dagaa aliyekuwa akija na baiskeli kutoka upande wa ziwani hakuonekana tena. Dagaa walikuwa wakiishia kwa wenye fedha. Wakala hivyo asubuhi na jioni, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Baba, ugali unachoma ulimi," Hilda alisema jioni moja.

"Njaa ndiyo inayochoma," Tadei akamjibu. "Kula."

Akala. Baadhi ya siku, saa moja hivi baada ya kula, alishikwa na kizunguzungu akatapika nyuma ya jiko. Tadei mwenyewe kichwa kilimgonga, akasema ni jua. Usimwone mjinga. Mtu aliyeshika jembe tangu utoto, ambaye majani yamekuwa yakimwambia kweli maisha yake yote, atajuaje kwamba haya ya sasa yanasema lugha nyingine?

Wiki ya sita, asubuhi, Hilda aliita kutoka kitandani.

"Baba, miguu yangu imelala."

"Iamshe basi," Tadei akasema, akiwa anawasha moto, na akacheka kidogo.

Mtoto akashika mlango akasimama. Magoti yakagongana, visigino vikainuka juu, mguu mmoja ukakata mbele ya mwingine kama mkasi, akaanguka. Hakulia. Haikumuuma. Akajaribu tena, akaanguka tena, kisha akakaa chini akiitazama miguu yake kwa mshangao, kama mali ya mtu mwingine iliyoletwa nyumbani kwa makosa. Tadei akaikamata, akajaribu kuikunja, ikakataa. Ilikuwa imekakamaa. Hofu iliyomwingia hapo hajawahi kuisimulia kwa mtu.

Zahanati waliwaelekeza Mbinga. Walipanda bodaboda, Hilda katikati, miguu yake imenyooka mbele ikimgusa dereva mbavuni kila penye shimo. Hospitalini daktari kijana akagonga magoti kwa kinyundo, akauliza wanakula nini, wanaloweka siku ngapi, mboga gani, mara ngapi kwa wiki wanapata samaki au maharage. Alipomaliza kuuliza aliweka kalamu chini. Akasema ugonjwa huo unaitwa konzo, unatokana na sumu ya muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa mtu asiyepata mboga ya maana. Humpiga mtu ghafla, haumuui, wala hauendelei. Ila ulichokichukua haurudishi.

"Atatembea na fimbo mbili, akifanya mazoezi," alisema. "Kukimbia, hapana."

Wahenga wana msemo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba guu lenyewe laweza kuwa la mtu mwingine. Tadei alikaa kwenye benchi la korido na msemo huo siku kumi na mbili.

Waliporudi Liparamba, Flavia alikuwa ameshafika kutoka Ngaka, na vumbi jeusi bado kwenye pindo la kitenge. Hakupiga kelele. Alimbeba Hilda kutoka kwenye pikipiki kama alivyombeba akiwa mchanga, akamkalisha kwenye mkeka, akaanza kumkanda miguu kwa maji ya moto, na akaendelea kukanda mpaka maji yakapoa. Tadei alimwambia alichoambiwa na daktari. Habari ya neno la mama mkwe hakuigusa. Alijiambia atamwambia kesho.

Kesho yake akaja bibi shamba. Tumpe alikuwa afisa kilimo wa kata, binti wa Rungwe aliyehamishiwa huko mwaka uliotangulia, na habari za mtoto zilimfikia kwa njia ya zahanati. Alimwamkia Bibi Gaudiosa shikamoo kupitia uwazi wa uzio, kisha akamwomba Tadei ampeleke shambani. Kwenye mteremko alisimama mbele ya shina mojawapo lililobaki, akalikwaruza kwa ukucha. Chini ya gome kulikuwa na kijani kibichi kabisa.

"Ulidhani umekufa," alisema.

"Hauna jani."

"Muhogo umeyaacha wenyewe, baba. Muhogo ukikosa maji huanza kwa kulegeza majani jua lisiupige sana, ukizidiwa huyaangusha, kwa sababu maji hupotelea majanini. Unafunga milango unakaa ndani. Na sumu yake, ambayo ndiyo ulinzi wake, mwaka wa ukame huzidi. Mti unaotaabika ndio mkali. Ule wa bondeni haukutaabika sana."

"Kahawa..." Tadei akaanza.

"Kahawa ni kahawa," Tumpe alisema, bila ukali.

Tadei aliutazama ule ukijani mpaka ukaanza kukauka hewani. Mti ulikuwa unaishi kwa nguvu zake zote, naye akausoma kuwa maiti. Akaona heri ungekuwa umekufa kweli.

Walirudi nyumbani. Flavia alikuwa barazani na Hilda. Bibi Gaudiosa naye alikuwa amevuka, kwa sababu ya mgeni, akakaa pembeni kwenye kigoda huku amewapa mgongo, uso ukutani, kama desturi inavyotaka mkwe akiwepo. Tumpe akafungua daftari. Alisema anazunguka nyumba zote, watu wengine wasije wakaumia, na angependa kujua jambo moja.

"Bibi, wewe ni mwenyeji. Hapa hakuna aliyejua habari ya shina tupu?"

"Nilituma neno," Gaudiosa akaujibu ukuta.

Mikono ya Flavia ikasimama juu ya mguu wa mtoto. "Neno gani, mama?"

"Muulize aliyelibeba."

Wote wakamgeukia Hilda. Alikuwa amekaa mkekani, miguu imenyooka mbele yake kama vijiti vya kuni. Tadei alitaka kufungua kinywa. Tuseme kweli, alikuwa na nafasi ya kutosha kabisa kufungua kinywa. Mtu angeweza kusali Salamu Maria nzima katika kimya kile. Mtoto alimtazama mara moja tu, kisha akatazama chini.

"Bibi aliniambia," alisema. "Nikaenda kucheza. Nikasahau kumwambia baba."

Tumpe akaandika. Flavia akaweka kiganja mdomoni. "Hilda," akasema taratibu, "mwanangu, umejifanyia nini." Na Tadei, badala ya kusikia uchungu, jambo la kwanza alilolisikia mwilini ni nafuu, ile ya mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Aibu ilikuja baadaye, ikamkuta ameshapumua.

Bibi Gaudiosa aligeuka kwenye kigoda. Katika miaka kumi na mitatu ya ukwe hakuwahi kumtazama Tadei usoni. Sasa alimtazama, kwa muda mrefu, bila kupepesa. Halafu akajigeuza tena, akaelekea ukuta.

Mgeni alipokwisha kwenda, bibi akavuka kurudi kwake, Flavia naye akaingia ndani kutafuta unga, Tadei akachutama karibu na mkeka.

"Kwa nini umesema hivyo?"

"Mama angekuacha," Hilda akanong'ona. "Nilimsikia jana akiomba. Alisema akijua ni nani, hatakaa naye."

Tadei akainuka, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye uwazi wa uzio ambao hakuwahi kuuvuka, akauvuka. Bibi Gaudiosa alikuwa ameinamia pipa la muhogo alioloweka, akiuminyaminya kuona kama umelainika. Tadei akapiga magoti nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakugeuka.

"Nimekuja kusema..."

"Najua. Mtoto alirudi siku ile ile akaniambia umesikia. Alisimama hapo hapo ulipo wewe." Akaendelea kuminya. "Na mimi nilipaswa kuvuka uzio. Niliona moshi wa jiko lako kila siku, nikakaa na heshima yangu. Usidhani uko peke yako."

"Nakwenda kumwambia mama yake."

Hapo kikongwe akanyoosha mgongo. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ile kavu ya siku zote.

"Umwambie nini? Kwamba mtoto wake amesema uongo? Mtoto amekupa nyumba yako, baba. Amekupa mkeo. Hana tena kitu kingine cha kumpa mtu. Ukienda ukaibomoa leo ili wewe moyo wako upoe, utakuwa umemnyang'anya mara mbili."

"Basi nikae nalo hivi hivi?"

"Ukae nalo. Mimi nakaa na langu." Akazamisha mikono pipani, akatoa muhogo uliolainika, akamjazia ungo. "Peleka huu. Huu hauna neno."

Tadei akarudi na ungo. Flavia akaupokea bila kuuliza umetoka wapi. Mambo ya kuuliza yalikuwa mengi mno siku hiyo kwa hilo kuwa la kwanza. Wakakaa barazani, mume na mke, wakatoa nyuzi za katikati na kuuponda muhogo kwa mikono, na Hilda kati yao. Jua lilikuwa linashuka upande wa ziwani. Kisha Flavia, bila kuinua uso, akasema maneno ambayo bila shaka yalikuwa yakimzunguka kifuani tangu asubuhi.

"Neno moja tu, Hilda. Si kila siku ulikuwa unayabeba? Hilo moja tu lilikushinda nini?"

Tadei akainua kichwa. Mtoto hakumtazama safari hii.

"Nisamehe, mama," Hilda akasema.

Tadei akachukua muhogo mwingine kwenye ungo, akatoa uzi wake, akaendelea kuponda.